Mfalme Aliyesimikwa na Wageni

Leo nitataja Kilwa. Siyo Kilwa yetu ya Katanga, kando ya ziwa Mweru. Ni Kilwa Kisiwani, pwani ya Tanzania, mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala.

Mwishoni mwa karne ya 15 mkubwa mmoja, Amiri Ibrahim, alimwondoa Sultani al-Fudail kwa kumwua, akakalia kiti chake. Kati ya wakubwa wa mji alikuwamo tajiri mmoja, Muhammad Ankoni. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zenye mizinga, akadai kodi ya dhahabu. Ibrahim akamtoa Ankoni awe rehani mikononi mwa Wareno, kisha akakawia kulipa. Kumbe alitaka apotee huko! Ankoni akajikomboa kwa mali yake mwenyewe. Mimi niliyesoma sheria nakuambia, mtu akikuweka rehani halafu akakuacha, amekwisha kuvunja agano lenu.

Mwezi wa saba 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora. Ibrahim akakimbia. Wareno wakamvika Ankoni taji la dhahabu ambalo, ukipenda kucheka, lilikusudiwa mfalme wa Cochin huko India.

Hapa usimhukumu haraka. Sisi tumezoea kuuliza juu ya kila mkubwa: amewekwa na bunduki ya nani? Swali hilo ni halali, na Ankoni hakuwa na jibu zuri. Lakini alifanya jambo moja ambalo wachache wamelifanya. Alikuwa na mwana wake mwenyewe, hata hivyo akataka kwamba baada yake ufalme urudi kwa mwana wa al-Fudail, yule aliyeuawa. Yaani alikubali kuwa mlinzi wa kiti, siyo mwenye kiti.

Mwaka 1506 mkubwa wa Tirendikunde, jamaa ya Ibrahim, alimwalika kwa urafiki. Ankoni akaenda, akauawa.

Je, ungekuwa mwana wake ungefanya nini? Haji Hasan, mwanawe, alipata ufalme kwa kibali cha Wareno, na mwana wa al-Fudail akawekwa kando. Agizo la baba likazikwa pamoja naye. Kisha Hasan akaleta wapiganaji wa bara kulipiza kisasi huko Tirendikunde. Watu wengi wakatekwa. Ni wangapi kati yao waliojua habari ya mwaliko ule?

Hasan naye hakudumu. Aliondolewa, na mwana wa al-Fudail akasimikwa kwa kuchelewa, katika mji uliokwisha kugawanyika. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao wakaenda zao. Na Ibrahim, aliyemwaga damu ya kwanza, akarudi kutawala Kilwa.