Wilaya ya Shule ya Hoxie

Wilaya ya Shule ya Hoxie ni mamlaka ya shule za umma katika mji mdogo wa Hoxie, kaunti ya Lawrence, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani. Inajulikana hasa kwa uamuzi wa bodi yake wa mwaka 1955 wa kuwasomesha pamoja watoto weusi na weupe, na kwa kesi iliyotokana na uamuzi huo.

Muundo

Nchini Marekani wilaya ya shule kwa kawaida ni chombo chenye mipaka yake, tofauti na serikali ya mji au ya kaunti. Huongozwa na bodi inayochaguliwa na wakazi. Bodi huajiri walimu na kusimamia bajeti. Sehemu ya mapato hutokana na kodi ya ardhi na majengo ya eneo hilo, na nyingine hutoka serikali ya jimbo na ya shirikisho. Ndiyo maana Hoxie, yenye wakazi wasiofikia 3,000, ina wilaya yake, ilhali mji jirani wa Walnut Ridge unahudumiwa na wilaya nyingine, iliyoundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha wilaya mbili.

Kabla ya 1955

Watoto weusi wa Hoxie walikuwa wachache. Wadogo walisoma katika shule yao ya chumba kimoja, na wale wa sekondari walisafirishwa kwa basi hadi Jonesboro, katika kaunti ya Craighead. Wilaya ililazimika kugharamia mipango miwili kwa fedha kidogo.

Uamuzi wa bodi

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwezi Juni 1955 wajumbe wote wa bodi ya Hoxie walikubaliana kufuata hukumu hiyo. Walitoa sababu tatu: ni haki mbele ya Mungu, ni sheria, na ni nafuu kwa gharama.

Masomo yalianza tarehe 11 Julai 1955, kwa kuwa shule za eneo hilo zilifungwa wakati wa mavuno ili watoto wachume pamba. Wanafunzi weusi wapatao 25 walijiunga na wenzao bila ghasia.

Upinzani na kesi

Baada ya gazeti la Life kuchapisha picha za wanafunzi hao wakiwa pamoja, wapinzani kutoka ndani na nje ya mji walifanya mikutano, wakaishinikiza bodi ijiuzulu na kuwahimiza wazazi weupe wasusie shule. Gavana Orval Faubus hakuingilia kati.

Bodi haikurudi nyuma, bali iliwashtaki wapinzani katika mahakama ya shirikisho na kupata amri ya kuwazuia. Wizara ya Sheria ya Marekani iliiunga mkono katika rufaa. Mwezi Oktoba 1956 mahakama ya rufaa iliithibitisha amri hiyo, ikisema wajumbe wa bodi wana haki ya kutekeleza wajibu wao wa kikatiba bila kuingiliwa.

Umuhimu

Hoxie haikuwa ya kwanza jimboni, kwani Charleston na Fayetteville zilitangulia mwaka 1954. Hata hivyo, ilionyesha kwamba bodi ya mji mdogo inaweza kusimamia sheria dhidi ya shinikizo. Mwaka 1957 Faubus alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya sekondari mjini Little Rock.