Corolla ya zamani au Hilux mpya? Historia ya mzigo wetu Bariadi

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, swali la kununua gari dogo la zamani au pikapu mpya huulizwa sana hapa Somanda. Tuangalie tulikotoka, kisha tupige hesabu.

Zamani mkulima wa pamba hakuhitaji gari. Alifikisha pamba kwenye chama cha msingi kwa mkokoteni wa ng'ombe au baiskeli, na lori likaipeleka kiwandani. Shirikisho la vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa liliundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, zikiwemo pikapu. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kwenye pamba. Polepole, usafiri ukawa mzigo wa mwenye mali.

Toyota ilianza kuuza Corolla mwaka 1966 na Hilux mwaka 1968, kwa kazi tofauti. Corolla ni ya abiria. Ukiijaza magunia kila siku, springi zinalala na bodi inachoka. Hilux imekaa juu ya chasi na hubeba karibu tani moja, yaani magunia 10 ya kilo 100.

Halafu kuna barabara. Lami ya Lamadi hadi Bariadi na ya kwenda Maswa imelipa gari dogo nafasi kubwa. Lakini ukiacha lami, udongo mweusi wa mbuga hunata mvua ikinyesha, na gari la chini hukwama. Hata pikapu, si zote huvuta kwa magurudumu manne. Uliza kabla ya kulipa.

Ushauri wangu:

- Mzigo mwepesi, njia ya lami: Corolla inatosha. Mafuta ni kidogo, spea na mafundi wapo. Mpeleke fundi wako aikague kwanza.
- Mzigo mzito, vijijini, mwaka mzima: pikapu italipa.
- Mzigo wa msimu tu: kodi gari, au changieni kikundi.

Msimu wa pamba hufunguliwa Mei na hudumu miezi michache, lakini rejesho la mkopo linadaiwa miezi 12. Andika safari na kilo zako za mwaka mzima kabla ya kuweka shamba rehani.