Maji ya Seyyid Barghash na Ushahidi wa Maneno

Miongoni mwa picha za kale za Unguja ziko za namna mbili ambazo aghalabu huwekwa mbalimbali: za magofu ya Marahubi, penye nguzo nene na matao ya kupitishia maji, na za gari la moshi likipenya vichochoro vya mji kuelekea Bububu. Yafaa zitazamwe pamoja, kwani hizi za pili zimetilia nguvu hadithi ambayo historia ya maji yaikanusha.

Kabla ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, watu wa mji walitegemea visima. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Barghash, aliyepata kuhamishwa Bombay baada ya uasi wake wa 1859, aliamrisha maji safi ya Chemchem, kaskazini ya mji, yaletwe kwa mfereji, nao watu wakayapata bila malipo. Hamamu aliyoijenga mjini iliupa mtaa wake jina: Hamamni.

Husemwa mara nyingi kwamba jina Bububu limetokana na mlio wa gari la moshi, lililoanza safari zake 1905. Hoja hiyo haisimami. Seyyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani 1886, aitaja Bububu kuwa mahali alipokaa. Mtoto hawezi kumtangulia mzazi kwa miaka 19. Rai ya wale walihusishao jina hilo na maji yabubujikayo yana uzito zaidi: chemchemi zipo, kitenzi kipo, na tarehe hazipingani nayo.

Neno mfereji nalo lina ushahidi wake. Katika sehemu kubwa ya bara, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, na pale maji yafunguliwapo nyumbani huitwa bomba, neno la Kireno lililokuwa na maana ya chombo cha kuvutia maji. Mjini Unguja, mfereji ndiyo hiyo bomba yenyewe. Mwanafunzi wa Sekenke, katika mkoa wa Singida, akiambiwa aufunge mfereji, huenda akatafuta jembe. Mwenzake wa Unguja atanyosha mkono ukutani.

Yaelekea maana hii ilifuata maji yenyewe: yalipofika mjini kwa mfereji, jina la njia likabaki mdomoni mwake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, matumizi haya ya mji huo huo huweza kusahihishwa darasani kana kwamba ni kosa. Mwalimu afanyaye hivyo hamtengenezi mtoto lugha. Amfutia ukurasa wa historia. Matao yameanguka mengi, na reli imeng'olewa zamani. Neno lingali linatumika kila asubuhi, ndoo inapotiwa maji.