Masjala ya Anwani za Afrika

Simu inayowashwa Asumbi, Kenya, huingia kwenye intaneti kwa anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho, ya kampuni ya simu. Zamani anwani za Afrika ziligawiwa na masjala za nje, zikiwemo RIPE NCC ya Ulaya na ARIN ya Marekani. Mwaka 2005 masjala ya Afrika yenyewe, AFRINIC, ikatambuliwa rasmi, makao yake Mauritius.

Anwani za aina ya IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu. Akiba ilipopungua, ARIN na APNIC ya Asia zilikubali kuhamishiana anwani mwaka 2012. AFRINIC iliruhusu uhamisho ndani ya Afrika pekee.

Mwaka 2021 AFRINIC ilitaka kuinyang'anya kampuni ya Cloud Innovation anwani zaidi ya milioni 6, ikidai zilitumika nje ya Afrika. Kesi zikafumuka, na akaunti za benki za AFRINIC zikazuiwa.

Kanuni za AFRINIC hujadiliwa hadharani. Wakenya tujitokeze kwenye mjadala huo.