Jeremiah Nyagah, Mbunge wa Miaka Thelathini na Minne

Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Katika Jimbo la Kati hakuna Mkikuyu, Mwembu wala Mmeru aliyeruhusiwa kupiga kura ila awe na cheti cha kuthibitisha utii wake kwa Serikali. Kwa sababu hiyo Wameru walioandikishwa walikuwa wengi kuliko Wakikuyu, na Bernard Mate, mwalimu wa Meru, akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo mwaka wa 1944. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa kutoka 8 hadi 14. Ndipo alipoingia Jeremiah Nyagah wa Embu, naye mwalimu, aliyesoma Alliance High School na Makerere.

Hakutoka tena mpaka mwaka wa 1992.

Msomaji asidhani kwamba miaka hiyo ilikuwa shwari. Mapema mwaka wa 1960 wajumbe wa Kiafrika walikwenda Lancaster House, London, kudai katiba mpya. Mwaka wa 1963 Embu na Meru zilitengwa na Jimbo la Kati zikatiwa katika Jimbo la Mashariki, na Nyagah akachaguliwa mbunge wa Embu Kusini. Kisha, Machi 1966, KANU ilikutana Limuru. Cheo cha Makamu wa Rais wa chama, alichokuwa nacho Oginga Odinga, kilivunjwa kikagawanywa kwa majimbo. Cha Mashariki akapewa Nyagah. Hila ile ilikusudiwa kumtoa Odinga, na kila aliyepokea kipande chake alilijua hilo. Sisi walimu hupenda kumsifu Nyagah kwa upole wake, nami ninamsifu. Lakini upole huo pia ulimfaa sana katika chama ambacho wenye maneno makali hawakudumu.

Alikuwa Waziri wa Elimu, na baadaye, katika miaka ya 1970, Waziri wa Kilimo. Cheo hiki cha pili kiliwagusa watu wa Mlima Kenya moja kwa moja. Baridi kali ilipoiunguza mibuni ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na wakulima wa nyanda za juu za Embu na Meru wakapata fedha ambazo baba zao hawakupata kuziona.

Hata hivyo wapiga kura wake mwenyewe walikaa chini, Mbeere, mahali penye jua kali na mvua haba, pasipo kahawa wala chai. Huko mto Tana ulizibwa mara kwa mara: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nyaya za umeme zilipita juu ya mashamba ya mtama zikielekea Nairobi, na chini yake watu waliendelea kuwasha taa za mafuta na kuchota maji mbali. Je, mbunge aliyekaa katika Baraza la Mawaziri miaka yote hiyo hakuweza kusema zaidi? Wapo Wambeere waliouliza hivyo. Lakini watu hao hao walimrudisha Bungeni kila uchaguzi, naye Jackson Angaine, jirani yake wa Meru aliyeogopwa kuliko yeye, hakujaliwa bahati hiyo: mwaka wa 1979 alishindwa.

Nyagah aliondoka kwa hiari yake kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Wambeere walipata wilaya yao wenyewe, iliyokatwa kutoka Embu, mwaka wa 1996. Alikuwa bado hai. Alifariki Aprili 2008.