Kisafisha vioo cha asili

Kisafisha vioo cha asili ni kimiminika cha kusafishia vioo vya madirisha kinachotengenezwa nyumbani kwa siki, ndimu au limau na maji. Aina iliyozoeleka huchanganya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa katika chupa ya kupulizia.

Siki ya mezani kwa kawaida ina takriban asilimia 5 ya asidi asetiki, na maji ya ndimu yana asidi sitriki. Asidi hizi huyeyusha madoa meupe ya chokaa yanayoachwa na maji magumu. Mafuta mazito huondolewa kwanza kwa maji ya sabuni. Wanga kidogo wa mahindi ukikorogwa katika mchanganyiko husaidia kusugua uchafu bila kukwaruza kioo; majivu na mchanga huweza kukwaruza.

Katika maeneo ya Juba, Sudan Kusini, kama Bilpam, vumbi huongezeka wakati wa kiangazi, takriban Desemba hadi Machi. Vumbi hilo hufutwa kwanza kwa kitambaa chenye maji, kwani chembe zake zikisuguliwa kavu huchora kioo. Kisha mchanganyiko hupulizwa na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi au gazeti kuukuu. Kazi hufanywa kivulini, kwa kuwa jua hukausha mchanganyiko kabla ya kufutwa na kuacha michirizi.

Siki haichanganywi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu. Vilevile siki huharibu marumaru.