Wakimbizi nchini Kenya: Kambi, Usalama na Mahakama

Sera ya wakimbizi nchini Kenya inajumuisha sheria, amri za serikali na hukumu za mahakama zinazoamua nani apokewe, akae wapi na aruhusiwe kufanya nini. Tangu Katiba ya 2010, serikali na mahakama zimevutana mara kwa mara juu ya sera hiyo, na mara nyingi majaji ndio waliowakinga wakimbizi dhidi ya hasira za kisiasa.

Hadi miaka ya 1980 wakimbizi, wengi wao kutoka Uganda, waliishi mijini na kujitafutia riziki. Mwaka 1991 utawala wa Siad Barre nchini Somalia ulipoanguka, Wasomali walivuka mpaka kwa wingi, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa karibu na Dadaab, katika Garissa ya leo. Zilipangiwa watu 90,000. Wakati wa njaa ya 2011 zilikaribia nusu milioni. Kakuma, huko Turkana, ilianza 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan.

Hofu ya usalama si ya kubuni. Wanamgambo wa Al-Shabaab kutoka Somalia waliua watu 67 katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Tatizo ni kwamba lawama iliangushiwa wakimbizi wote kwa mkupuo. Hata kabla ya mashambulizi hayo, Desemba 2012, serikali ilikuwa imeamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambini. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda kortini, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaitengua amri hiyo. Kwa maoni yake, haitoshi kutaja usalama wa taifa; lazima serikali ionyeshe jinsi watu wanaohusika wanavyouhatarisha. Hata hivyo, Aprili 2014 polisi walifanya msako katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kuwazuilia maelfu katika uwanja wa Kasarani. Desemba mwaka huo Bunge likaweka kikomo cha wakimbizi 150,000, ilhali nchi ilikuwa na zaidi ya nusu milioni. Mahakama Kuu ilikifuta Februari 2015. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab. Februari 2017 Jaji John Mativo akasema uamuzi huo unakiuka Katiba na katazo la kumrudisha mtu kwenye hatari.

Wenyeji nao wameumia, na jambo hili husahaulika mno. Wakati wa ukame, familia nyingi za Wakenya wa jamii ya Kisomali huko Garissa ziliandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zilionekana kwenye orodha ya wakimbizi, na ombi likakwama. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu, akaunti ya benki wala kazi rasmi. Wengine walipigwa msasa na kamati za serikali, kisha wakaendelea kusubiri kwa miaka.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, imelegeza mengi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuacha hadhi ya ukimbizi na kukaa nchini kwa haki za Jumuiya. Somalia ilijiunga 2024. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa 2025, unakusudia kugeuza kambi kuwa makazi yanayohudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Kakuma ilikwishaanza njia hiyo: kwa Bamba Chakula, mgao uliotumwa kwenye simu badala ya magunia, wakimbizi walinunua kwa wafanyabiashara wa hapo hapo, wakiwemo Waturkana. Lakini sheria hiyo hiyo bado inairuhusu serikali kutenga maeneo ambamo wakimbizi watakaa, na mkimbizi mwenye duka Kakuma anayetaka kufuata bidhaa Kitale huhitaji kwanza kibali cha kusafiri.